Kidole Gumba Si Besi

Atokaye Nairobi kwa njia ya Thika akipanda kwenda Nyeri hufika, baada ya mwendo wa kilomita 60 hivi, mahali ambapo barabara hugawanyika, moja ikishika njia ya Murang'a mjini na ya pili ikiendelea mbele kwa Makuyu, Sagana na Karatina. Na mahali hapo, ambapo jina lake halikutoka kwa ukoo wala kwa kilima bali kwa kituo cha kuuzia petroli, pamesimama leo mji wa Kenol, wenye maduka, nyumba za wageni, bucha na majiko ya nyama choma, mji ambao tangu ilipoanza kujengwa barabara ya njia pacha ya kutoka hapo hadi Marua, urefu wa kilomita 84, hauna saa ya kulala. Usiku wa Jumamosi, moshi wa mbuzi ukiwa umetanda juu ya mabati na magari yamepangwa hadi ukingoni mwa lami, husikika ndani ya vilabu vyake mtu mmoja na gita moja akifanya kazi ya bendi nzima. Huo ndio mugithi, neno ambalo kwa Kikikuyu maana yake ni garimoshi, kwa kuwa wachezaji hushikana mabegani wakafuatana mstari mmoja mfano wa mabehewa. Na aliye injini ya gari hilo ni mpigaji, ambaye vidole vyake vitatu hushughulika na nyuzi nyembamba ilhali kidole gumba, bila kupumzika, hugonga nyuzi nene za juu ili wasikilizaji wadhani yupo mtu wa pili aliyejificha nyuma ya pazia akiwapigia besi.

Nimekitaja kidole gumba mapema kwa kuwa ndicho chanzo cha sura hii. Alinijia kijana mmoja wa hapo Kenol, mpigaji hodari wa gita la mtu mmoja kwa muda wa miaka 12, akanieleza kwamba kanisa lake limepungukiwa na mpiga besi, ambaye amepata kazi mjini, na kwamba wazee wamemwomba yeye azibe pengo.

"Mwalimu," akaniambia, "kupiga najua. Besi nimelipiga kwa kidole hiki tangu nikiwa shule. Nataka unisaidie kuchagua la kununua tu."

Sikumjibu papo hapo, maana hata mimi niliwahi kuyasema maneno hayo hayo, tena kwa kiburi zaidi, na yaliyonipata baada yake nitayasimulia mbele kidogo.

Mpiga gita mzoefu anayenunua besi la kwanza si mwanafunzi, wala si fundi; yu baina ya hali hizo mbili, na hatari yake ni kubwa kuliko ya asiyejua kitu, kwa sababu asiyejua huuliza, na yeye haulizi. Nyuzi nne za besi zimefungwa kwa sauti zile zile za nyuzi nne nene za gita, E, A, D na G, ila zimeshushwa oktavu moja nzima, hata uzi mnene kabisa, ambao katika gita hutikisika mara 82 kwa sekunde, hutikisika katika besi mara 41 tu. Basi mpiga gita akilipakata besi mara ya kwanza, vidole vyake vinaona kila kitu mahali pake: G iko pale pale, C iko pale pale, ngazi zote za sauti anazozijua zimo; na kwa kuwa hakuna kilichopotea, hudhani kwamba hakuna kilichobadilika. Ni kama mtu wa Nyeri aliyeingia katika nyumba ya nduguye iliyojengwa kwa ramani moja na yake, akatembea gizani bila taa kwa kuamini anaijua, asikumbuke kwamba nduguye ana samani zake mwenyewe.

Wala hili si balaa la huku kwetu pekee. Mwaka 1961, vijana wa Liverpool waliokuwa wakipiga muziki katika vilabu vya Hamburg waliachwa na mpiga besi wao, na ikawa hapana aliyetaka kuishika kazi ile. Hatimaye ilimwangukia Paul McCartney, mpiga gita, ambaye alinunua besi la Kijerumani la Höfner lenye umbo la fidla. Watu wengi hudhani alilichagua kwa uzuri wake. Alilichagua kwa kuwa lilikuwa rahisi kwa bei, na kwa kuwa pande zake mbili zinalingana, hata mtu wa mkono wa kushoto kama yeye akiligeuza halionekani kichekesho. Miaka miwili baadaye, huko Los Angeles, Carol Kaye, bibi aliyekuwa akijipatia riziki kwa gita, alikuwamo studioni siku ambayo mpiga besi hakutokea. Akalichukua besi ili kazi isilale, na tangu hapo akawa miongoni mwa wapiga besi waliorekodi nyimbo nyingi mno Marekani, akiendelea kutumia kile kipande cha plastiki cha kukwarua nyuzi alichokizoea katika gita. Nawataja hawa wawili kwa sababu moja: wote waliingizwa katika besi na haja ya wenzao, si kwa tamaa ya chombo, na yamkini ndiyo maana hawakuharibikiwa.

Mimi niliingizwa na tamaa. Nilikwenda Nairobi na fedha za mavuno ya msimu, nikaingia duka moja, nikaliona besi la nyuzi tano, jeusi, lenye shingo nyembamba na vifungo vitano vya kurekebishia sauti, nikalichomeka katika amplifaya kubwa kuliko kitanda changu, na kwa muda wa nusu saa nikapiga humo solo zote nilizozijua. Watu wakasimama kutazama. Nililinunua kwa sababu lilinikubalia kukimbia, ndiyo kusema nililinunua kwa sababu lilikuwa linafanana na gita. Mwezi wa pili wake, katika arusi upande wa Maragua, sauti yake ilianza kukwaruza kama redio iliyo mbali na mji, kisha ikanyamaza kabisa bibi arusi akiwa anaingia. Kwani chombo kile kilikuwa na betri ndogo ya volti 9 ndani yake, na mimi, ambaye gita langu halikujua betri ni nini, nilikuwa nikiuacha waya umechomekwa usiku kucha, na betri huliwa muda wote waya ukiwamo. Kiongozi wa bendi hakunigombeza. Alisema tu, bila kunitazama, kwamba hakuona tofauti kubwa liliponyamaza.

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi, na yalinichukua miaka kuyafahamu. Hakuona tofauti kwa kuwa sikuwa nikipiga besi. Nilikuwa nikipiga gita kwa sauti nene. Kidole gumba cha mpiga mugithi ni mtumishi wa vidole vitatu vya mkono ule ule: huongeza mwendo vinapoongeza, hunyamaza vinaponyamaza, na kikikosea husamehewa, maana mwenye kosa na mwenye kusamehe ni mtu mmoja. Besi la bendi lina mabwana wengine. Linamtumikia mpiga ngoma kwanza, na mwimbaji baada yake, na wote hao wana akili zao na pumzi zao. Kwa hiyo besi la kwanza la mpiga gita lisichaguliwe kwa yale linayomruhusu kufanya. Lichaguliwe kwa noti moja, na kwa jinsi noti ile inavyokaa mahali ilipowekwa.

Nilimpeleka kijana yule Nairobi mwenyewe, na kabla hatujaingia dukani nikamwekea sharti, kwamba kwa robo saa ya mwanzo haruhusiwi kupiga noti mbili. Akacheka. Nikamketisha, nikampa besi, nikamwambia aweke kidole nyuma ya freti ya 3 ya uzi mnene, apige G moja, kisha asubiri mpaka iishe yenyewe. Freti, kwa asiyejua, ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukata shingo. Alipiga, akasubiri kitambo, mkono ukamwasha kwa hamu ya kuendelea, na nikamwona akiinamisha kichwa pole pole kuelekea mbao, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa akisikiliza mkia wa noti badala ya kichwa chake. Besi la kwanza tulilolijaribu lilitoa sauti kubwa iliyodondoka ghafla. La pili lilianza taratibu, likakaa, likafifia kwa adabu. La pili lilikuwa na rangi mbaya, ya kahawia iliyochujuka, na lilikuwa limetumika.

Baada ya hapo nilimruhusu kupanda uzi mwembamba, freti moja moja, maana mabesi mengi ya shingo ndefu yana mahali ambapo noti hufa mapema, aghalabu baina ya freti ya 5 na ya 7 ya uzi wa G, kwa sababu shingo yenyewe hutikisika kwa kadiri ile ile ya noti, ikaila sauti badala ya kuiachia. Hili si kasoro ya ufundi, wala bei kubwa hailiondoi. Lakini ni hekima kujua mapema kaburi liko wapi. Kisha tukapiga noti tupu inayolia uzi ukiguswa kwa wepesi juu ya freti ya 12, tukailinganisha na noti ile ile uzi ukiwa umebanwa, tupate kujua kama chombo hakijidanganyi kadiri mkono unavyopanda. Na mwisho nikalielekeza besi machoni pangu kama mtu anayelenga bunduki, nitazame urefu wa shingo. Ndani ya shingo kuna chuma kinachokazwa na kulegezwa ili kuinyosha, na mnunuzi wa chombo kilichotumika na ahakikishe kwamba chuma hicho bado chageuka. Nasisitiza jambo hili kwa watu wa kwetu hasa, kwa sababu besi litakalopigwa Makuyu Jumamosi katika joto la bondeni, na Jumapili likapandishwa Nyeri kwenye baridi ya mlima, litapinda na kunyooka kama mti ulio hai.

Sasa nije kwenye vipimo, ambavyo mpiga gita hupenda kuvidharau. Urefu wa uzi wa besi la kawaida, toka kichwani hata kwenye daraja, ni inchi 34, yaani milimita 864, hali gita la umeme la kawaida lina milimita 648. Maana yake ni kwamba toka freti ya 1 hata ya 4, umbali ambao mpiga gita huumeza kwa vidole vinne bila kufikiri, katika gita ni milimita 97, na katika besi ni milimita 130. Ang'ang'aniaye kuweka kidole kimoja kwa kila freti huko chini, kama alivyofunzwa na gita, ataumia kifundo cha mkono kabla ya mwezi kwisha. Wapigaji wa besi la kusimama, lile kubwa ambalo wapenzi wa taarabu wameliona likikumbatiwa nyuma ya fidla na kanuni huko Unguja, waliligundua hili zamani, wakatumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho, na kile cha pete kikawa msaidizi tu. Fauka ya hayo, uzi mnene wa besi una unene upatao milimita 2.7, zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa gita. Mabega nayo yana hesabu yao: besi la kilo 4 na nusu, lililoning'inizwa kwa mkanda mwembamba wa gita katika ibada ya muda wa saa tatu, ni jambo ambalo mpigaji hatalisahau kesho yake.

Yapo mabesi mafupi ya inchi 30, na lile la McCartney ni katika hayo. Wako wanaowaambia wapiga gita wote waanze nayo, kwa kuwa mkono hauoni ugeni. Mimi sikubaliani nao, ila kwa mtu mwenye mkono mdogo au mgongo mbovu. Ugeni ndio dawa. Chombo kinachomfanya mpiga gita ajisikie nyumbani humwacha na mazoea yake yote, ilhali kirefu humpunguzia noti kwa lazima, na kabla hajajua amekuwa mtu wa maneno machache.

Katika yale marefu, koo kubwa ni mbili, na zote zimetoka kwa Leo Fender wa California: la 1951 liitwalo Precision, na la 1960 liitwalo Jazz. La kwanza lina shingo pana na pikapu moja, ambayo tangu 1957 imekatwa vipande viwili vilivyopishana. Pikapu, nimekumbuka kuonya, ni ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi. Ukiitaja Kenol bila maelezo watu hutazama barabarani kutafuta gari la kubebea mananasi. La pili lina pikapu mbili na shingo nyembamba, milimita 38 kule kichwani, na kwa wembamba huo huwavuta wapiga gita kama taa inavyovuta kumbikumbi. Viwanda vingi, Yamaha na Ibanez wakiwamo, hutengeneza kwa bei ya wastani vyombo vya koo hizi au vya mchanganyiko wake, na mtu asione haya kuanza na hivyo.

Lakini lipi? Hapa jawabu hulitoa muziki wenyewe, na Murang'a ina muziki wake. Benga ilianzia Nyanza kwa Wajaluo, na jina la D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, halitengani nayo. Ilipovuka ikaja kwetu ilikuta watu waliokwisha kuwa na nyimbo zao, Joseph Kamaru wa Kangema akiwa mbele yao, na ikazaa benga ya Kikikuyu, ambayo Gatanga, si mbali na hapa, iliitolea Daniel Kamau na Queen Jane. Asikilizaye rekodi za enzi ile kwa makini atagundua kwamba besi la benga halilali chini kama mkeka. Hurukaruka, hupanda juu hata kukaribia gita, husema kipande kifupi na kunyamaza ili gita lijibu, na mlio wake ni mkavu, wa kugongwa. Besi la namna hiyo lahitaji pikapu iliyo karibu na daraja, na nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara, zenye mng'ao. Hivyo apigaye benga akilichagua la Jazz simlaumu. Kinyume chake, James Jamerson, aliyezibeba mgongoni nyimbo za Motown kwa kidole kimoja tu cha shahada, alitumia la Precision lenye nyuzi bapa, ambazo yasemwa hakuzibadilisha ila zikikatika. Na sauti ile nzito isiyo na mng'ao ndiyo inayofaa nyuma ya kwaya, kwa kuwa haigombani na waimbaji. Kijana wangu alikuwa akienda kanisani, si kilabuni. Lile la kahawia lilikuwa la ukoo wa Precision.

Aliniuliza kuhusu uzi wa tano, na swali lake lilikuwa la haki, maana wapiga kinanda wa makanisa yetu hupenda kuhamia funguo nyeusi, E-flati na D-flati, na noti hizo kwa chini hazimo katika nyuzi nne. Uzi wa B hushuka hata mitikisiko 31 kwa sekunde. Nikamwuliza spika za kanisa lake zina upana gani. Akasema inchi 10. Nikamwambia basi B hiyo ataisikia yeye peke yake, tena kwa tumbo, na waumini hawatasikia kitu ila vumbi likidondoka darini. Papo hapo nikamwonya pia juu ya amplifaya yake ya gita, aliyokuwa amekusudia kuitumia ili aokoe fedha: nyumbani kwa sauti ya chini haitadhurika, bali ikipandishwa kanisani karatasi ya spika yake itapasuka. Heri atumie kisanduku kidogo cha kuunganishia, akaingia moja kwa moja katika mikisa ya kanisa, na theluthi ya fedha zake aiweke kwa ajili ya spika ya besi ya siku zijazo.

Alilinunua lile la kahawia kwa shingo upande. Tuliporudi, ndani ya matatu, alilishika baina ya magoti njia nzima, na tulipopita Thika nikamwona akibana freti ya 3 bila kupiga.

Jumapili ya nne yake nilikwenda kumsikiliza. Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Hakukimbia hata mara moja. Pale ambapo zamani angejaza alikiachia kigoma cha mguu kipite, kisha akaweka noti yake juu ya nyayo zake, na kwaya ikawa inaimba kana kwamba sakafu imeinuliwa kidogo. Ibada ilipokwisha, mama anayeongoza kwaya alitoka mbele, akapita karibu naye akiwa bado anakunja waya, akaenda moja kwa moja kwa mpiga ngoma, akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia kwamba leo, kwa kweli, ngoma zake zilikuwa na baraka, na kwamba bila shaka amefanya mazoezi. Mpiga ngoma akashukuru. Kijana wangu alinitazama kwa mbali, uso umemkunjamana, akitaka nimtetee. Nami nikatoka nje kumsubiri, kwa kuwa nilikuwa nikicheka na sikutaka anione.